Desemba tunajitangaza, Januari tunajificha

KAMA kuna mwezi ambao mtu wa Moshi hawezi kuficha mapato yake, basi mwezi huo ni Desemba. Ndugu zetu waliotawanyika Dar, Mwanza, Mbeya na kwingineko wanapanda nyumbani, na kila mmoja anapanda na ushahidi. Aliyeondoka na begi la mgongoni anarudi na gari. Aliyeondoka na gari anarudi na mawili, la pili analiendesha shemeji yake. Mbuzi wanaanguka, mbege inamwagika, mabati yanabadilishwa, na yule ambaye Oktoba alikuwa akilia kwamba biashara imekufa, sasa anagonga meza baa na kuuliza nani hajapata kinywaji.

Ingoje Januari. Mtu huyohuyo mguse kidogo tu kuhusu biashara, utamwonea huruma. "Hali ngumu, mdogo wangu, tunaganga njaa tu." Yaani mapato ambayo mashangazi, wajomba na hata maadui wa ukoo wanayafahamu, ofisi ya kodi peke yake ndiyo haina habari nayo!

Msinielewe vibaya, sijaja hapa kumchoma mtu. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wengi wa mjini tukilisikia redioni tunabadili stesheni: msamaha wa kodi. Najua neno 'kodi' tu linatosha kumfanya mtu afunue ukurasa wa pili akasome nyota yake. Tulia kwanza, msomaji wangu. Nyota yako haitakimbia, na huenda jambo hili likakuokolea 'mshiko' siku moja.

Neno moja, mambo mawili

Kiswahili chetu ni kitamu, lakini hapa kimetuchanganya. Tukisema 'msamaha wa kodi' tunachanganya mambo mawili ambayo hayana hata undugu.

La kwanza ni pale serikali inapomwambia mwekezaji au kampuni fulani kwamba kodi hii wewe usilipe kabisa. Huo ndio msamaha ambao umewahi kuwatia watu matatani. Watu wa Rombo hawajasahau: Julai 2015, Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani marehemu Basil Mramba, aliyekuwa Waziri wa Fedha kati ya 2001 na 2005, kwa kutumia vibaya madaraka katika kuisamehe kodi kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3, ambacho baada ya rufaa kilipunguzwa kuwa miaka 2.

La pili, ambalo ndilo letu leo, ni tofauti. Wewe ulitakiwa kulipa, hukulipa. Au ulikuwa na kipato ambacho hukukitaja kabisa. Miaka imepita, deni limezaa riba, riba imezaa adhabu, na sasa ukoo mzima unakusubiri mlangoni. Serikali inatoka na kusema: njoo mwenyewe, taja ulichokificha, leta deni mama, hao watoto na wajukuu wa deni tutawasamehe. Angalia vizuri hapo. Kodi yenyewe haisamehewi, kinachosamehewa ni kuchelewa kwako.

Ilivyokuwa mwaka 2018

Kwa Tanzania, msamaha mkubwa wa namna hiyo ulitangazwa Dodoma tarehe 14 Juni 2018, wakati Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, alipokuwa akisoma bajeti. Kabla ya hapo, sheria iliruhusu riba na adhabu visamehewe kwa nusu tu. Safari hii mlango ukafunguliwa wote, asilimia 100. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya wazi: malimbikizo ya riba na adhabu yalikuwa makubwa mno, na wafanyabiashara walikuwa wakielemewa nayo.

Dirisha hilo lilifunguliwa tarehe 1 Julai 2018. Mwenye kutaka msamaha alitakiwa kupeleka maombi TRA kabla ya Novemba kwisha. Waliokubaliwa wakapewa hadi 30 Juni 2019 kumaliza kodi ya msingi, hata kwa awamu, na baadaye muda huo ukasogezwa hadi 31 Desemba 2019. Kwa hiyo mtu wetu yule wa Desemba, mwaka ule alitakiwa ajitangaze kwanza TRA ndipo apande nyumbani kujitangaza kwenye mbege. Sijui wangapi walifuata utaratibu huo!

Sasa usifikiri msamaha huo ulikuwa wa matajiri wenye magorofa peke yao. Hebu tupige hesabu kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 iliweka adhabu kwa anayechelewa kupeleka ritani. Kwa viwango vya wakati ule, mtu binafsi alipigwa shilingi 75,000 kwa kila mwezi aliochelewa, na kampuni shilingi 225,000, au asilimia 2.5 ya kodi inayodaiwa, ipi iliyo kubwa. Na riba juu ya kodi yenyewe ikawa inajilimbikiza kila mwezi.

Chukua mfano wa vijana wawili waliomaliza shule, wakasikia kuna tenda ya usafi, wakaambiwa tenda haitolewi mpaka uwe na kampuni. Wakachanga, wakasajili kampuni, wakachonga muhuri, wakapiga picha mbele ya ofisi ya kuazima. Tenda wakaikosa. Mmoja akaenda kuendesha bodaboda, mwingine akafungua kibanda cha chipsi. Kampuni wakaiacha ilale, kila mmoja akidhani kwamba kitu kilicholala hakidaiwi. Wapi! Kampuni iliyolala nayo inatakiwa kupeleka ritani, hata kama ni ya kusema hatukupata hata senti. Ritani moja ikichelewa miezi 36, kwa viwango hivyo ni shilingi 8,100,000. Hiyo ni kwa kampuni ambayo haijawahi kuuza hata ufagio.

Siku mmoja wao akipata kazi ya maana na kuulizwa cheti cha kutodaiwa kodi, ndipo anapoikumbuka ile kampuni. Watu kama hao hawakuwa wezi. Walikuwa na muhuri tu. Kwao dirisha la 2018 lilikuwa nafasi ya kupumua, na aliyelikosa kwa sababu alibadili stesheni ya redio, hiyo shauri yake.

Kwa nini watu wanajificha?

Kaa kwenye kijiwe chochote hapa Njoro, au shuka mpaka Mbuyuni, ulizia habari za kodi. Utakuta wanaojificha ni makundi matatu.

Kuna wajanja. Hawa wanajua kila kitu, wana daftari mbili, moja la TRA na moja la mke. Wengine hata la mke ni la uongo. Kuna wasiojua, kama vijana wetu wa muhuri. Halafu kuna kundi kubwa kuliko yote, nalo ni la waoga. Huyu hana nia mbaya, ila ameshasikia kwamba ukijitokeza umekwisha. Atakuambia, "Kaka, bora wasinijue. Wakishanijua leo, kesho watarudi na makadirio ya kuniua."

Hili la woga lisichukuliwe kwa mzaha, kwa sababu ndilo linaloua misamaha. Mtu anayeogopa hapigi hesabu ya deni la jana, anapiga hesabu ya kesho. Anajiuliza: nikishasema nilikuwa napata kiasi hiki, mwaka kesho mtanikadiria nini? Mkishaijua akaunti yangu, mtaingia humo lini? Hakuna tangazo la msamaha litakalomtoa ndani mtu huyo kama halijibu swali hilo.

Tena angalia mfululizo wa mambo. Msamaha ulitolewa 2018. Lakini ilipofika 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani, moja ya maagizo yake ya mwanzo kwa wakusanya kodi lilikuwa kuacha mabavu na kuacha kuchota fedha kwenye akaunti za wafanyabiashara. Maana yake ni kwamba wakati dirisha la msamaha liko wazi, mlango wa pili ulikuwa na rungu. Na Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka, mojawapo ya malalamiko yao ikiwa ni kikosi kazi cha kodi. Juni 2024 wakafunga tena. Mtu wa fremu moja Moshi akiyaona hayo, anajivuta ndani zaidi kama kobe.

Somo la mwaka 1984

Kwa maoni yangu, msamaha uliofanya kazi kuliko yote katika nchi hii haukuitwa msamaha. Waulizeni wazee.

Machi 1983, serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha msako wa wahujumu uchumi. Maduka yalikuwa matupu, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, na ukikutwa na makatoni ya sabuni chumbani unayo kesi ya kujibu. Kuna waliotupa mali porini na mitoni usiku wa manane ili zisikutwe kwao. Msako uliwakamata wengi, lakini fedha zilizofichwa hazikutoka. Zilizidi kuzama chini ya magodoro, na za kigeni zikabaki nje ya nchi.

Sokoine akafariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Katika bajeti ya mwaka huo, Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, mtoto wa Usangi, Mwanga, mkoa wetu huu huu, aliyefariki mwaka 2025, serikali ikageuza upepo. Mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa zilizoruhusiwa na kuziuza hadharani, na hakuulizwa fedha hizo amezipata wapi.

Basi! Hakuna rungu, hakuna tangazo la kutubu. Vitu vikaanza kuonekana madukani, vipuri, magari, nguo. Fedha zilizokuwa na haya zikatoka zenyewe zikatembea mchana. Na bidhaa ikipita bandarini inapita kwenye ushuru, kwa hiyo serikali nayo ikapata chake. Wapo waliosema hiyo ilikuwa ni kuwabariki walanguzi, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini iliwezekana kwa sababu iliwapa watu sheria mpya ya kesho, siyo kuwafutia dhambi ya jana tu.

Mfano mwingine ni wa juzi juzi. Wenye magari mnakumbuka ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Gari limekufa, liko juu ya mawe uani kuku wanatagia humo, lakini deni linaendelea kukua. Mwaka 2017 serikali ikaifuta ada hiyo na kusamehe malimbikizo yake, halafu ikaongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Hakuna cha bure hapo, unalipia kituo cha mafuta. Lakini anayeendesha ndiye anayelipa, na hakuna tena wa kujificha. Deni la jana lilifutwa na mtego wa kesho ukaondolewa kwa mpigo.

Jirani zetu na mchezo wa kusubiri

Sasa tuvuke Holili tuone wenzetu. Kenya walianza mpango wa kujitangaza kwa hiari Januari 2021, wa miaka 3. Ulikuwa na akili nzuri sana: ukijitokeza mwaka wa kwanza unasamehewa riba na adhabu zote, mwaka wa pili nusu, mwaka wa tatu robo tu. Yaani wahi upate, chelewa ukose.

Lakini kabla mpango huo haujaisha, ikaja sheria ya fedha ya 2023. Kuanzia 1 Septemba 2023 hadi 30 Juni 2024, aliyemaliza kodi ya msingi ya miaka ya nyuma, hadi mwisho wa 2022, alifutiwa riba na adhabu zote. Umeona 'kasheshe' hiyo? Aliyejisalimisha Januari 2023 kwa uaminifu wake alipata robo. Aliyekaa kimya, akanywa chai yake mpaka Septemba, alipata yote. Halafu Desemba 2024 wakafungua dirisha jingine lililokwenda hadi 30 Juni 2025. Uganda nao mwaka 2023 walitoa msamaha wa riba na adhabu kwa atakayelipa deni la msingi kabla ya mwaka kwisha, nao baadaye wakasogeza muda.

Tusidhani ni ugonjwa wa Afrika Mashariki. India walifanya msamaha mkubwa mwaka 1997, na 2016 wakarudi na mwingine. Indonesia walifungua dirisha Julai 2016 hadi Machi 2017, watu wakatangaza mali za zaidi ya rupia trilioni 4,800. Ungedhani wamemaliza. Mwaka 2022 wakafungua tena.

Mtu mjanja anajifunza nini? Anajifunza kusubiri. Msamaha ukishakuwa kama Krismasi, kwamba usipokuja mwaka huu utakuja mwingine, hakuna atakayelipa kwa wakati isipokuwa mwenye haraka zake.

Aliyelipa kwa wakati ni mjinga?

Na hapa ndipo penye jipu lenyewe. Kuna mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ninayemfahamu. Kodi yake analipa siku ya kulipa, risiti anatoa hata kwa misumari ya mia tano. Nilipomsalimu shikamoo na kumuuliza msamaha wa 2018 alikuonaje, alicheka cheko la uchungu. "Mjukuu wangu," aliniambia, "mimi nilikopa ili nilipe kodi. Jirani yangu hakulipa, akazungushia hela ile kwenye biashara. Mwisho wa yote yeye kafutiwa riba, mimi ya benki sijafutiwa. Niambie mwenye akili ni nani."

Sikuwa na jibu, na sidhani kama yeyote serikalini analo. Mzee yule hakuomba zawadi. Alichotaka ni kutofanywa mjinga mbele ya jirani yake. Msamaha unaotolewa mara moja, kwa sababu inayoeleweka, na baada yake sheria ikawa rahisi kwa wote, mzee huyo anaweza kuumeza. Msamaha unaojirudia kila akichoka kulipa jirani, huo utamfanya naye siku moja afungue daftari la pili. Tukifika hapo tumepoteza wote.

Na wapo wasiohusika kabisa na misamaha ya aina hii. Mwenye kupitisha mahindi, maharage au sukari kwa njia za panya huko Holili na Tarakea asijipe moyo. Mambo ya forodha yana sheria yake ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Dirisha la 2018 halikuwa la kwake.

Wewe kijana ufanyeje?

Nisikuache na maneno matupu. La kwanza, andika. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo aliyeuza kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka bila kumbukumbu alipangiwa kodi ya shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alipangiwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo aliyeuza milioni 5 na akawa na daftari, kodi yake ni 30,000. Daftari la kaunta limemwokolea elfu 70! Viwango hubadilika, kaulizie vya mwaka huu, lakini kanuni ni ileile: asiyeandika analipia uvivu wake.

La pili, kama una TIN au kampuni uliyoiacha kando, usikae ukidhani imekufa. Nenda kaifunge rasmi, au peleka hizo ritani za sifuri. Na kama deni lipo, usingoje dirisha. Sheria inakuruhusu kuomba kulipa kwa awamu, na aliyekwenda kwa miguu yake husikilizwa tofauti na aliyeletwa.

La tatu ni la wakubwa. Mkifungua tena dirisha, tuambieni kabisa na kesho itakuwaje. Tuambieni kwamba aliyejitaja hatafukuliwa ya jana akakadiriwa upya kwa kukomolewa. Na tuambieni dirisha hilo ni la mwisho, halafu kweli liwe la mwisho. Mtu mzima hasemi mara mbili.

Yule jamaa wa kijiweni aliniambia bora wasimjue. Nikamuuliza, sasa benki wakijua wewe ni nani watakukopesha kwa karatasi gani? Tenda utaombaje? Duka lako utalikuza vipi wakati kila ukisikia gari la serikali unashusha shata? Akanyamaza, akakoroga kahawa yake. Kujificha nako ni kodi, ndugu yangu, unailipa kila siku na hupewi risiti.

Tukutane wiki ijayo.